Moshi wa Nyumba ya Seluvaia

Kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili, watu wa Matauta walikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba jogoo wa mchungaji atawika kabla ya saa yake, na kwamba Lisiate atakutwa mahali fulani amelala kifudifudi, matako juu, akimpiga picha mdudu.

Alikuwa karani wa forodha bandarini hadi alipostaafu. Miaka yote ile alizoea kufungua mizigo ya watu na kuitia pua, na alipokosa mizigo akaanza kuitia pua dunia nzima. Kamera aliletewa na dada yake mkubwa aliyeko Auckland. Kwetu Tonga, dada akikupa kitu huthubutu kukifungia kabatini. Neno la dada ni amri hata ukiwa na mvi mpaka kwenye nyusi. Basi siku dada aliposema kwenye simu, "Lisiate, nataka niione nyumbani kila siku," ikawa ibada. Kila siku picha moja ukurasani, na maneno yake chini.

Hayo maneno ndiyo yaliyotuua. Nguruwe wetu hushuka ufukweni maji yakipwa, wakafukua chaza kwa pua zao, jambo ambalo hata mtoto mchanga wa Matauta halimshangazi. Lisiate aliwapiga picha akaandika: "Wavuvi wa Muumba." Alipiga nguo zilizoanikwa kwa jirani, akaandika: "Upepo nao huvaa." Alipiga shelisheli lililopasuka barabarani, akaandika: "Kila aangukaye ana lake." Na watu wa Auckland na Sydney, walioikimbia Matauta hii hii kwa sababu ya matope haya haya, walitokwa na machozi na kummiminia mioyo myekundu.

Lupe, anayeuza karanga za kukaanga pale njia panda na ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, alimsimamisha siku moja.

"Mzee Lisiate, nguruwe wangu umemfanya maarufu kuliko mimi. Sasa nikimwita haji."

"Lupe, wewe unaona nguruwe," alisema Lisiate kwa upole wa mtu anayemsamehe mwenziwe ujinga. "Mimi naona mwanga."

"Basi Krismasi njoo ule mwanga. Sisi tutakula nguruwe."

Lisiate alikwenda zake na kamera yake. Alishajizoeza kuamini kwamba nabii hakubaliki kwao, na Lupe alikuwa ushahidi tosha.

Kati ya picha zake zote, zilizopendwa kupita kiasi zilikuwa za Seluvaia. Huyu alikuwa mjane mwenye nyumba katikati ya safu ya nyumba za ufukweni, mwembamba, mcheshi, amebakiwa na meno ya kuhesabika, na mikono yake ilikuwa bado inasuka mikeka mizuri ambayo macho yake hayaioni vizuri tena. Mwanawe wa pekee, Kepueli, alikuwa Auckland akifanya kazi ya kupanga mbao. Lisiate akipita kwa Seluvaia alikuwa na amri zake.

"Mama, geuka kidogo. Hilo beseni la plastiki tuliondoe. Cheka."

"Nicheke nini?"

"Wewe cheka tu."

Seluvaia alikuwa akicheka, maana kumwona mtu mzima amepiga magoti kwenye mavi ya kuku kwa hiari yake kulimchekesha kweli. Nyuma yake kila mara kulikuwa na vurugu vurugu za uani ambazo Lisiate hakuzipenda, kwa hiyo baadaye alizitia ukungu kwa programu ya kurekebishia picha hadi uso wa bibi ukabaki unang'aa peke yake. "Furaha haizeeki," aliandika. Dada yake alipiga simu kutoka Auckland kumwambia kwamba kanisa zima limelia.

Mwaka ule kanisa letu lilikuwa likitafuta msimamizi mpya. Aliyekuwepo alikuwa ameiaga dunia, na kiti chake cha mbele, chenye mto wa kitambaa cha zambarau, kilikuwa kimekaa kitupu miezi mingi. Lisiate alikitamani kiti kile kama mjamzito anavyotamani udongo. Baba yake aliwahi kukikalia. Babu yake pia. Yeye alikuwa amefikia umri wa kufa akiwa mtu wa benchi la nne, na jambo hilo lilimuuma moyoni kuliko alivyomwambia mtu yeyote, mkewe akiwamo. Mchungaji Pauliasi, mtu mnene, mpole, anayependa amani kuliko haki, alikuwa ameshamdokeza: "Kaka, usifanye la kuwafungua watu midomo. Mwezi ujao nitakutangaza."

Angetulia nyumbani, leo angekuwa kwenye mto wa zambarau. Lakini kulikuwa na picha moja iliyomkosesha usingizi.

Aliitaka picha ya kijiji kizima kikitazamwa kutoka mwambani, maji yakiwa yamekupwa, nyumba zote katika mstari, na moshi. Moshi huo haupatikani siku nyingine. Jumapili asubuhi, kila nyumba ya Matauta huwasha umu, jiko letu la shimo: wanaume hupasha mawe, wanawake hufunga nyama na tui kwenye majani ya magimbi, vyote vikafukiwa chini vikangoja watu watoke kanisani. Hapo ndipo moshi unapopanda kutoka kila ua kwa wakati mmoja. Sasa mpiga picha ataufuataje moshi wa Jumapili huko mwambani, na Jumapili kwetu hakuna kuvua, hakuna kuogelea, hakuna kulima, hakuna hata kupiga mbio? Siku hiyo hata mbwa hubweka kwa adabu. Mtu wa kuonekana baharini Jumapili na chombo mkononi ni yule ambaye ameshaamua kuhama.

Lisiate alijipa sababu. Kupiga picha si kazi. Ni kumtukuza Mungu kwa kidole kimoja. Hata hivyo, kwa kuwa hakuwa na hakika kama Mungu ameliona jambo hilo vile vile, alimwambia mchungaji kwamba mgongo umemkaza na hataweza kuja kwenye sala ya alfajiri. Kwa mkewe alisema anakwenda kuunyoosha huo mgongo. Kamera akaifunga kwenye taulo.

"Mgongo unanyooshwa kwa taulo?" aliuliza mkewe.

"Ndiyo ushauri wa daktari."

"Daktari gani?"

Alikuwa ameshafika getini.

Na kwa kweli picha ilikuja. Sitamnyima mtu haki yake. Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kibiriti. Korongo wa mwambani alisimama kwenye maji kama aliyeitwa, na nyuma yake kijiji chote kilikuwa kimelala kwenye mstari wake, na kutoka kila ua moshi ulipanda wima, mweupe, ukaenda zake juu. Lisiate alipiga moja, akapiga nyingine, akapiga tena. Akarudi kwa njia ya nyuma, akavaa mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, akaingia kanisani akichechemea kidogo kwa ajili ya ule mgongo.

Jumatatu aliikuza picha akaona kasoro. Katikati kabisa, juu ya paa la Seluvaia, hapakuwa na moshi. Pengo. Mistari ya moshi kushoto, mistari ya moshi kulia, na hapo katikati kama jino lililong'oka. Ilimkera mno. Hakujiuliza kwa nini. Mtu aliyeyakagua masanduku ya watu maisha yake yote, akitafuta kisichotakiwa kuwamo, hakuona ajabu ya kile kilichotakiwa kuwamo na hakimo. Alichukua programu yake ya kurekebishia picha, akaunakili moshi wa kwa Lupe, akaupandikiza juu ya paa la Seluvaia. Pengo likazibika. Chini akaandika: "Asubuhi ya Jumamosi, kijiji changu kinaamka."

Kilichofuata kilimzidi kimo. Watu wetu wa Auckland waliipenda picha ile hadi wakachanga, wakaichapisha kubwa kama mlango, wakaipakia kwenye ndege ije itundikwe katika ukumbi wa kanisa. Mchungaji Pauliasi alisema picha itafunuliwa mchana wa Jumanne, siku ambayo wanawake husuka mikeka ukumbini, ili wawepo watu wa kupiga makofi.

Picha ikafunuliwa, makofi yakapigwa, mchungaji akaomba sala ndefu kidogo. Kisha wanawake wakasogea, kila mmoja akitafuta nyumba yake, maana picha ya kijiji haitazamwi na wenye kijiji kama inavyotazamwa na wageni.

"Lile paa langu! Mzee Lisiate, umenipiga na ile bati yenye kutu!"

"Na mimi kile choo changu. Auckland nzima imeona choo changu."

Lupe alikuwa amesimama karibu zaidi ya wote, pua yake ikikaribia kugusa kioo. Alinyamaza. Waliomfahamu wakaanza kuogopa.

"Huu ni moshi wangu," alisema. "Na huu wa kwa mchungaji. Huu wa kwa akina Fifita. Huu wa kule mwisho." Akageuka. "Jamani, nyumba zote zimewasha umu. Tangu lini Matauta nzima inawasha umu Jumamosi? Kuna harusi mtu hakunialika?"

Hakuna aliyecheka. Wanawake wale hawakuhitaji kueleweshwa. Mtoto wa Matauta hujua Jumapili kwa moshi kabla hajajua kusoma. Macho yote yakaondoka kwenye picha, yakamwendea mpiga picha, na kisha, taratibu, mchungaji naye akageuka. Unaweza kuona mtu mnene anavyokumbuka jambo. Linapanda usoni polepole. Alikuwa anaukumbuka ule mgongo.

Lisiate alihisi jasho likimtambaa chini ya mkeka. Mto wa zambarau ulimpitia mbele ya macho ukienda zake.

Lupe ndiye aliyemwokoa, bila kukusudia. Alikuwa amerudisha pua kwenye picha.

"Halafu tazama. Moshi wa Seluvaia na wangu ni pacha. Umepinda hapa, wangu umepinda hapa. Una kifundo hapa, wangu una kifundo. Umezaliwa na mama mmoja!"

"Nimeuchora!" alisema Lisiate, kwa sauti iliyomtoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Umeuchora?"

"Kwa mashine. Siku hizi ndivyo picha zinavyopambwa. Ilikuwa Jumamosi, hapakuwa na moshi. Nimeuchora."

"Huo mmoja?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe akiwa juu yake huiona ndefu na pana. "Wote," alisema Lisiate. "Moshi wote nimeuchora mimi."

Mchungaji Pauliasi alishusha pumzi iliyosikika hadi mlangoni. Moshi wa kuchora! Mtu asiye na hatia! Akasema haraka kwamba sanaa ni kipaji, kwamba pambo si uongo, na kwamba Jumapili hii, kama Mungu akipenda, kutakuwa na tangazo. Lupe alitikisa kichwa. "Haya. Mimi nilifundishwa palipo na moshi hapakosi moto. Kumbe siku hizi pana mashine."

Seluvaia alikuwa ameketi pale chini na msuko wake mapajani. Hakuwa amesimama kutafuta nyumba yake.

"Wangu umetokea vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana, mama," alisema Lisiate.

"Basi vema," alisema Seluvaia, akaendelea kusuka.

Siku mbili hizo Lisiate alitembea akitumia miguu ya msimamizi. Aliwaitikia watu kwa kidevu. Mkewe alimkuta mbele ya kioo akijaribu namna ya kukaa. Kisha Alhamisi alifungua ukurasa wake kuhesabu mioyo, akakuta maneno ya Kepueli, mwana wa Seluvaia, chini ya picha ile.

"Asante mzee Lisiate," aliandika. "Mama aliniambia kwenye simu siku hizi hapiki. Nikashindwa hata kulala. Halafu nikaona picha: jiko letu linafuka kuliko ya wote! Nimemwambia mama aache kunitisha. Mungu akubariki, umenipa amani." Na chini yake mioyo, na nyuso ndogo za kucheka, na shangazi mmoja wa Sydney aliyeandika: "Wazee wetu wanapenda kudeka."

Lisiate alisoma, akasoma tena. Kitu kilimchoma mahali ambapo hakikuwa kikimchoma kwa kawaida. Alirudi kwenye picha zake za zamani za Seluvaia, zile za asili, kabla hazijatiwa ukungu. "Furaha haizeeki." Nyuma ya furaha, kwenye vurugu vurugu za uani, kulikuwa na shimo la umu. Katika picha ya Pasaka lilikuwa limeota nyasi. Katika picha ya juzi juzi nyasi zilikuwa zimefika magotini. Alikuwa ameitazama mara ngapi picha ile? Alikuwa amezipima hata kope za yule bibi.

Akaenda. Kamera aliibeba, kwa mazoea, kama mtu anavyobeba kofia.

Seluvaia alikuwa uani akila muhogo uliochemshwa, baridi, bila kitu. Shimoni, katikati ya nyasi, kuku alikuwa ametulia juu ya mayai yake, na jua la asubuhi lilikuwa limempata ubavuni vizuri sana. Nasema kweli ilivyo: kitu cha kwanza alichofanya Lisiate kilikuwa kuinua kamera.

"Mpige, mpige," alisema Seluvaia. "Huyo ndiye anayekula humo siku hizi."

Kamera ikashuka. "Mama, tangu lini?"

"Tangu yule mpwa wangu alipokwenda Australia kuchuma matunda. Ndiye alikuwa akinipasulia kuni na kunipashia mawe. Mawe yana uzito, baba. Nikiinama nabaki huko huko."

"Na majirani? Ukitoka kanisani wanakuita ukale."

"Wananiita. Nawaambia jiko langu linaningoja." Alicheka, na meno yake ya kuhesabika yakaonekana. "Ulitaka niseme nini, na huo mkeka wangu mzuri kiunoni? Kila mtu anadhani fulani ameniletea. Na mimi nawaacha wadhani. Mwanangu tu ndiye nilimwambia. Akanijibu, mama, nimeona moshi."

Lisiate alikaa chini, juu ya beseni lile lile la plastiki ambalo siku zote alikuwa akiliondoa.

"Nitamrekebisha," alisema. "Nitamwambia nimeuchora."

Alimwandikia pale pale, chini ya picha, watu wote waone: "Kepueli, moshi wa kwenu niliuchora kwa mashine. Mama yako kweli hapiki." Jibu lilikuja kabla hajasimama.

"Hahaha, najua mzee, leo Lupe ametuambia, umeuchora wote! Si ilikuwa Jumamosi? Jumamosi nani anapika? Mama hupika Jumapili, namjua."

Lisiate alilisoma kwa sauti. Seluvaia alimeza muhogo wake.

"Kijana ana akili," alisema. "Siku ambayo hakuna apikaye, jiko langu baridi lina ajabu gani?"

Hapo Lisiate akaona jinsi alivyojipalia makaa. Jiko la Seluvaia lingeweza kuonekana baridi siku moja tu, ile ambayo mengine yote yalikuwa na moto. Ili Kepueli aamini, lazima asikie kwamba moshi wa nyumba nyingine zote ulikuwa wa kweli. Na moshi ukiwa wa kweli, siku ilikuwa Jumapili, na mgongo ulikuwa mzima, na ukumbini alidanganya mbele ya mchungaji. Kumwandikia Kepueli kwa siri nako ni bure. Kepueli akijua jambo saa moja, saa mbili linajulikana kwenye vikao vyote vya wanywaji kava wa Auckland, na saa tatu Lupe analiuza pamoja na karanga.

"Mama," alisema, "Jumapili hii wananitangaza."

"Nimesikia. Hongera."

"Ningeweza kukuletea chakula mimi mwenyewe. Kila Jumapili. Kikapu kizima. Hakuna haja ya kumsumbua kijana."

Seluvaia alimtazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri. "Uniletee ili ninyamaze? Lisiate, nilikuona siku ile. Ulipita hapa na taulo lako, wanaume wote wako kwenye mawe, wewe unainama inama kama mwizi wa ndizi. Nimemwambia nani? Kunyamaza ninako bure, hakununuliwi. Mimi sitaki kikapu chako. Nataka mwanangu asinione mwongo."

Lisiate alirudi nyumbani. Ijumaa hakutoka. Ukurasa wake haukupata picha, na dada yake akapiga simu kuuliza kama amekufa. Jumamosi alijaribu kukaa tena mbele ya kioo, lakini kila akikaa alijiona juu ya beseni. Alikasirika. Alimkasirikia Lupe na pua yake, Kepueli na akili zake, na yule mpwa na matunda yake ya Australia. Alipomaliza kuwakasirikia wote akabaki na mtu mmoja, na huyo hakuweza kumkwepa.

Aliandika wakati mkewe akimpigia pasi shati la kutangaziwa.

"Kepueli, nisikilize. Picha ile niliipiga Jumapili. Moshi wote unaouona ni wa kweli isipokuwa mmoja. Nyumba zote zilikuwa zinapika. Kwenu tu hapakuwa na moshi, nami nikauchora kwa sababu pengo lilikuwa linaniharibia picha."

Akabonyeza. Akamwambia mkewe, "Acha kupiga pasi."

Tangazo lilitangazwa, la mtu mwingine. Wazee wa kanisa walikutana baada ya ibada wakakaa hadi chakula kikapoa. Walibishana kama dhambi ilikuwa kupiga picha siku ya Bwana au kudanganya kuhusu siku iliyopigwa. Lisiate alijitetea kwamba alikuwa akimtukuza Mungu kwa kidole kimoja, nao wakauliza kama kidole kubonya kamera ni kazi, na kama ni kazi, je, na kubonya kengele ya mlango? Mmoja alitaka picha ishushwe, mwingine akauliza nani atailipia nyingine. Kuhusu jiko la Seluvaia, mchungaji Pauliasi alilitaja katika sala ya kufunga, watu wakaitikia amina kwa sauti kubwa mno. Jumapili hiyo Seluvaia alipelekewa vikapu vingi hadi nguruwe wa Lupe wakashiba. Nimeshaishi Matauta vya kutosha kujua kwamba baada ya mwezi kila mtu angeanza tena kuwa na hakika kwamba fulani amepeleka.

Kepueli aliandika ukurasa mzima wa machozi, akampigia mama yake simu akalia ya kweli, akakata tiketi aje Krismasi. Lakini Krismasi ilikuwa mbali, na shimo lilikuwa na nyasi.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, watu wakienda kanisani na Biblia zao mkononi, walimwona Lisiate uani kwa Seluvaia, amevua shati, amepiga magoti mbele ya shimo. Kuku alikuwa amehamishiwa kwenye beseni la plastiki pamoja na mayai yake, na alikuwa akitukana. Lisiate hakuwa amewasha umu tangu ujana. Kwake kazi hiyo ni ya wapwa. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi haukupanda wima hata kidogo. Ulitambaa, ukamrudia usoni, ukaingia puani, macho yakamvimba na makamasi yakamtoka.

"Mawe yapange, usiyarundike," Seluvaia alikuwa akisema kutoka kwenye kigoda chake. "Hivyo! Wewe ulikuwa unakagua nini huko bandarini? Puliza. Puliza, baba, siyo kuomboleza."

"Mama, kuni hizi zimelowa."

"Zile ulizochora zilikuwa kavu?"

Lupe alikuwa amesimama uzioni, kofia ya kanisani kichwani. Alitoa simu yake iliyopasuka kioo, akaielekeza uani, ikalia ka!

"Lupe! Leo Jumapili!"

"Nimtukuze Mungu kidogo, kwa kidole kimoja."

Picha aliiweka Jumatatu, maana hata Lupe ana mipaka. Imepinda, nusu yake ni kidole gumba chake mwenyewe, na chini hakuandika neno. Hadi jioni ilikuwa imepata mioyo kuliko "Wavuvi wa Muumba", kuliko "Furaha haizeeki", kuliko ile kubwa kama mlango. Lisiate aliikuza kutafuta kasoro. Kisha akavaa ndara akaenda njia panda, maana kuna mambo ambayo mtu mwenye ujuzi hawezi kuyanyamazia.

"Lupe, umenikata kichwa."

"Eeh," alisema Lupe, akipepeta karanga zake. "Lakini moshi umetokea."